Mashine ya kukatia nyasi nyumbani: ya betri, ya waya au ya petroli? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Masika yakianza, nyasi hupanda haraka na maswali haya hurudi. Majibu yamelenga bustani za nyumbani Afrika Mashariki, ambako umeme hukatika, jua ni kali, na fundi wa pikipiki yuko karibu kuliko wakala wa mashine za bustani.

Nieleze kwa ufupi: ninunue ipi?

Kabla ya kwenda dukani, chukua futi kamba upime nyasi ulizo nazo. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 kina mita za mraba 400. Ploti ya futi 50 kwa 100, ile inayouzwa sana Kenya, ina kama 465. Sasa toa nyumba, maegesho ya gari, banda la uani, tangi la maji, miembe na tuta la mchicha. Kwa kaya nyingi za mjini, nyasi zinazobaki hazifiki mita za mraba 200. Mashine yenye upana wa kukata wa sentimita 40, ukitembea taratibu na kupishanisha mistari kidogo, inamaliza eneo hilo ndani ya nusu saa.

Kwa eneo la namna hiyo lenye soketi karibu, ningenunua ya waya bila kusita. Kama nyasi zinakaribia mita za mraba 500, au zimegawanyika mbele na nyuma ya nyumba na katikati kuna maua na miti, ya betri inakuwa na raha zaidi, mradi uweze kununua betri mbili. Petroli ninaiweka kwa mwenye robo eka ya nyasi na kuendelea (robo eka ni kama mita za mraba 1,000), au kwa mwenye uwanja mbovu unaoachwa hadi nyasi zinafika magotini.

Watu wengi hununua petroli kwa sababu ndiyo waliyoiona ikifanya kazi shuleni, hotelini au kwenye uwanja wa mpira. Uwanja wa mpira na uani kwako ni kazi mbili tofauti.

Mashine ya waya si dhaifu?

Hapana. Nyingi zina mota ya wati 1,200 hadi 1,800, na mota hiyo inapata nguvu yake yote kuanzia dakika ya kwanza hadi ya mwisho. Haina betri ya kuchoka wala kabureta ya kuziba. Udhaifu wake uko kwenye waya: unaweza kuukata kwa kisu, unaweza kujikwaa, na huwezi kwenda mbali kuliko urefu wake.

Namna ya kutembea nayo ndiyo inayoamua kama utaipenda au utaichukia. Anza kukata pale karibu na soketi, kisha songa mbele kwa mistari ya kwenda na kurudi, ukielekea mbali na ukuta wenye soketi. Waya ubaki daima upande uliokwisha kukatwa. Kila unapogeuka, urushe waya begani au uushike kwa mkono mmoja uusogeze. Anayeanzia mwisho wa bustani na kurudi kuelekea nyumbani ndiye anayepita juu ya waya wake mwenyewe.

Waya wa kuongezea uwe wa aina gani?

Hapa ndipo pesa kidogo iliyookolewa huua mota. Ekstensheni nyepesi za sebuleni, zile za taa na chaja za simu, mara nyingi zina nyaya za milimita za mraba 0.75 au pungufu. Chukua mashine ya wati 1,600 kwenye umeme wa volti 230: inavuta kama ampea 7. Kwenye waya wa mita 50 wenye unene wa 0.75, unapoteza kama volti 16 njiani. Mota inapokea umeme pungufu, inachoka kwenye nyasi nzito na inapata joto. Ukitumia waya wa shaba wa 1.5 wenye urefu wa mita 30, upotevu unashuka hadi volti 5 hivi, na mota haitausikia.

Kwa hiyo omba waya wa shaba, nyuzi tatu, milimita za mraba 1.5, wenye ganda la mpira na rangi inayoonekana kwenye majani, kama chungwa au njano. Ukifika mita 50, panda hadi 2.5. Na kama waya umezungushwa kwenye gurudumu lake, ufungue wote hata kama unahitaji mita kumi tu. Waya uliobaki umejikunja unapata joto hadi ganda linalainika.

Soketi iwe na kinga ya RCD ya miliampea 30. Hicho ni kifaa kinachokata umeme mara moja kikihisi unavuja kwenda ardhini, labda kupitia mwili wa mtu. Nyumba nyingi za zamani hazina. Fundi umeme anaweza kukifunga kwenye sanduku la swichi kuu, au ununue kile cha kuchomeka. Bila hicho, mashine ya waya isitoke stoo. Na nyasi zikiwa na maji, subiri zikauke hata kama kinga unayo.

Volti za betri zina maana gani? Kuna 18, 20, 36, 40, 56…

Betri hizi za lithiamu zimeundwa kwa seli ndogo zilizounganishwa mfululizo, kila moja ikihesabiwa volti 3.6. Seli tano ni volti 18. Seli hizohizo zikiwa zimejaa hufika kama volti 4 kila moja, ndipo kiwanda kingine kinaandika 20 kwenye boksi. Kwa hiyo 18 na 20 ni betri ileile. Vivyo hivyo 36 na 40: ni seli kumi. Ya 56 ina mistari ya seli 14.

Kitu cha kulinganisha dukani ni wati-saa, yaani volti mara ampea-saa (Ah). Betri ya volti 36 yenye Ah 4 ina wati-saa 144. Ya volti 18 yenye Ah 4 ina 72, nusu yake. Ukiona mashine mbili zina bei sawa, piga hesabu hiyo kwenye simu yako hapohapo mbele ya muuzaji. Muuzaji akikutajia dakika 40 za kukata, kumbuka hizo zimepimwa kwenye nyasi fupi kavu. Ukoka wa Aprili uliolala na umande hula betri haraka zaidi, na nyasi ya kikuyu ya nyanda za juu, ile inayotambaa na kujenga godoro, ndiyo yenye kula kuliko zote.

Betri itadumu miaka mingapi?

Inategemea zaidi namna unavyoitunza kuliko jina lililoandikwa juu yake. Adui yake wa kwanza ni joto, na sisi tunalo la kutosha. Stoo ya mabati saa nane mchana huko Dodoma, Mombasa au Dar es Salaam si mahali pa betri ya lithiamu. Wala buti la gari. Iweke ndani ya nyumba, kwenye kabati lisilopigwa na jua.

Ukimaliza kukata, betri itakuwa ya moto. Iache ipoe nusu saa kabla ya kuchaji. Chaja nyingi nzuri zitakataa kuichaji ikiwa na joto kali na zitawasha taa nyekundu. Watu hudhani chaja imekufa, kumbe inailinda. Kama kiangazi kimefika na hutakata kwa miezi miwili, iache ikiwa na chaji ya nusu. Isiwe imejaa kabisa, na isiwe tupu. Iliyoachwa tupu kwa muda mrefu inaweza kushuka chini ya kiwango ambacho chaja inaitambua, na hapo umeipoteza.

Kabla ya kulipa, uliza swali moja: betri hii peke yake inauzwa shilingi ngapi, na mnayo hapa? Mara nyingi betri ni sehemu kubwa ya bei ya mashine nzima. Kama muuzaji hana betri ya akiba na hajui lini ataipata, tafuta mashine nyingine. Mwenye bahati ni yule ambaye tayari ana drili au msumeno wa betri wa kampuni moja, kwa sababu kampuni nyingi hutengeneza betri moja inayoingia kwenye vifaa vyake vyote vya volti hizo.

Kwetu umeme hukatika. Betri si bora kuliko waya?

Kwa hilo, ndiyo. Ukichaji usiku umeme ukiwepo, asubuhi huhitaji kumwomba mtu yeyote. Mwenye sola ya nyumbani naye ananufaika: chaja ya mashine ya betri huvuta umeme mdogo, mara nyingi wati 100 hadi 200, ambao inveta ya kawaida huuhimili. Mashine ya waya ya wati 1,600 inataka inveta kubwa zaidi, tena mota ikianza huvuta zaidi ya hapo kwa sekunde chache. Inveta ndogo itazima.

Lakini tuseme ukweli, nyasi hazikatwi kila siku. Umeme ukikatika Jumamosi asubuhi, utakata jioni au Jumapili. Sababu hii peke yake haitoshi kukufanya ulipe zaidi.

Ndugu yangu yuko nje. Anaweza kuniletea mashine?

Kwanza uliza yuko wapi. Aliye Uingereza, Oman au Falme za Kiarabu ana umeme unaokaribiana na wetu, na plagi ya pini tatu za mraba kama ya Kenya, Tanzania na Uganda. Mashine ya huko itachomekwa na kufanya kazi. Aliye Marekani au Kanada anatumia volti 120. Mashine ya waya ya kutoka huko ukiichomeka hapa itaungua, na transfoma ya kushusha volti kwa mota kubwa namna hiyo ni nzito na ghali, mwambie aache. Ya betri inawezekana kama chaja imeandikwa INPUT 100–240V. Kama imeandikwa 120V pekee, nayo aache.

Pili ni ndege. Betri za lithiamu za akiba haziruhusiwi kwenye mizigo ya chini, hupandishwa mkononi. Hadi wati-saa 100 kwa kawaida hupita. Kati ya 100 na 160 lazima shirika la ndege likubali kwanza. Zaidi ya 160 haziingii kwenye ndege ya abiria kama mzigo wa msafiri. Betri ya volti 36 na Ah 4, ile ya wati-saa 144, inahitaji ruhusa. Ya Ah 5 inafika 180 na itanyang'anywa uwanjani. Nimeona watu wakibaki na mashine nzuri isiyo na betri kwa sababu hii.

Petroli inamfaa nani hasa?

Mwenye eneo kubwa, mwenye nyasi ndefu zenye mashina magumu, na mwenye bustani isiyo na soketi kabisa, kama shamba la wikiendi. Faida yake nyingine haisemwi sana: inatengenezeka. Kabureta, plagi, kamba ya kuvuta, eya klina, yote haya fundi wa bodaboda anayajua. Mota ya umeme ikiungua au bodi ya betri ikifa, fundi huyo atakurudishia ilivyo.

Wa nyanda za juu wajue jambo moja. Injini ya petroli hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda, kwa sababu hewa ni nyepesi. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mashine ileile iliyokata vizuri Mombasa imepungukiwa na karibu sehemu moja ya sita ya nguvu ikifika huko. Arusha, kwenye mita 1,400 hivi, upungufu ni mdogo kidogo. Kabureta iliyopangwa kwa usawa wa bahari pia inamwaga petroli nyingi kuliko hewa iliyopo, ndipo unaona moshi mweusi na plagi yenye masizi. Kuna sindano za kabureta za maeneo ya juu, muulize wakala. Mota ya umeme haivuti hewa ya kuunguza, kwa hiyo Limuru au Njombe inakata kama Tanga.

Mashine yangu ya petroli haiwaki baada ya kiangazi. Imekufa?

Karibu kila mara haijafa, imeachwa na petroli ndani. Petroli iliyokaa zaidi ya mwezi mmoja huanza kuharibika, na ikikauka ndani ya kabureta huacha utando wa kunata unaoziba tundu dogo kuliko jicho la sindano. Mwaga petroli yote ya zamani, weka mpya, fungua plagi uisafishe au ununue nyingine, kisha toa eya klina uone kama imejaa vumbi. Bado? Kabureta ifunguliwe na kuoshwa.

Kinga ni rahisi: unapojua hutakata kwa muda, iache iungurume hadi izime yenyewe kwa kukosa petroli. Nunua petroli kidogo kidogo kwenye kituo unachokiamini. Iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa itatoa moshi, itachafua plagi na itakufanya uvute kamba hadi bega liume.

Oili: injini nyingi za mipigo minne huchukua kama nusu lita, SAE 30 au 10W-30. Badilisha baada ya saa tano za kwanza, halafu kila saa 50 au mara moja kwa mwaka. Oili hiyo ina mahali pake na haichanganywi na petroli. Ni mashine za mipigo miwili, kama zile nyingi za kubeba begani, zinazochanganywa: 50 kwa 1 ni mililita 20 kwa lita, 25 kwa 1 ni mililita 40. Soma kifuniko cha tangi. Na unapoiinamisha kusafisha chini, upande wa kabureta na eya klina uangalie juu. Vinginevyo oili inaingia huko na utaondoka na tatizo jipya.

Ipi ina gharama ndogo kuendesha?

Umeme, na kwa mbali. Mashine ya wati 1,500 ikifanya kazi kwa nguvu zote dakika 40 inatumia uniti moja. Uani mdogo hauifikii. Petroli kwa kazi hiyohiyo inakaribia nusu lita. Tazama risiti yako ya LUKU au tokeni, kisha bei ya petroli ya mwezi huu, ambayo mamlaka za nishati huitangaza: EWURA Tanzania Jumatano ya kwanza ya mwezi, na EPRA Kenya tarehe 14. Ongeza oili, plagi na eya klina. Ya betri hula umeme mdogo kabisa, lakini weka kando pesa ya betri mpya baada ya miaka kadhaa; hiyo ndiyo petroli yake.

Kelele?

Petroli ni ya kuudhi, na anayeisukuma anahitaji vizuia sauti masikioni. Ya waya inanguruma kwa wastani. Ya betri jirani anaweza asijue kama unakata. Kama nyumba zimebanana, au mna mtoto mchanga, au msikiti au kanisa liko ukutani kwako, hili lina uzito.

Nyasi zangu hugeuka kijivu kileleni siku ya pili. Ni aina ya mashine?

Ni kisu. Chuma unyasi mmoja uutazame kwa karibu: ukiona ncha imechanika nyuzinyuzi kama mswaki uliotafunwa, kisu ni butu. Kinapiga nyasi badala ya kukata, ncha zinakauka, na mashine ya aina yoyote inatumia nguvu zaidi.

Chomoa waya, au toa betri na ufunguo wake, au vua kofia ya plagi, halafu ndiyo ufungue kisu. Kinoe kwa tupa ukifuata mteremko wa awali, pande zote mbili kwa idadi sawa ya mikwaruzo. Kisha pigilia msumari ukutani, kitundike kisu kwa tundu lake la katikati. Kikilala sawasawa, kirudishe. Upande mmoja ukishuka, huo bado ni mzito; uunoe kidogo hadi kitulie. Kisu kisicho na mizani hutikisa mashine nzima na kula beringi.

Tena, usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Zikiwa zimekuzidi, pita mara mbili: leo juu, baada ya siku chache chini.

Nina nyasi kidogo sana mbele ya mlango. Lazima mashine?

Si lazima. Kuna mashine ya kusukuma kwa mkono yenye visu vya mzunguko kwenye silinda, isiyo na mota kabisa. Ni uvumbuzi wa Mwingereza Edwin Budding wa mwaka 1830, na bado hukata kwa usafi kuliko nyingi za kisasa kwa sababu inakata kama mkasi. Inataka nyasi fupi na ardhi tambarare, ukate kila wiki. Zikirefuka huinama tu chini yake.

Naweza kununua iliyotumika?

Petroli, ndiyo, mradi uikute baridi na uiwashe mwenyewe. Inayokusubiri ikiwa ya moto inaficha ugumu wa kuwaka. Ya waya, ndiyo pia: iwashe na usikilize beringi, kisha kagua waya wote kwa vidole. Ya betri, hapana, isipokuwa betri yake mpya inapatikana na bei yake umeshaihesabu.

Anayekata ni kijana wa bustani, si mimi. Inabadilisha chochote?

Sana. Mnunue mashine pamoja, ashike mpini, ainyanyue, aseme kama inamfaa. Mnunulie viatu vilivyofungwa. Kisu kinazunguka maelfu ya mara kwa dakika na ndala hazizuii chochote. Mnunulie miwani. Kabla ya kukata aokote mawe, vifuniko vya soda na vipande vya waya, watoto wakiwa ndani, maana jiwe dogo likitoka chini ya mashine huvunja kioo cha gari.

Kama anahudumia nyumba kadhaa na kila moja ina soketi yake mahali tofauti, ya betri itampunguzia kazi. Kama ni ya petroli, mwoneshe kwa macho yake mahali pa oili na mahali pa petroli, na mkubaliane kwamba hajazi tangi injini ikiwa ya moto wala kuiwasha ndani ya stoo. Kama ni ya waya, jambo la kwanza kumfundisha ni kuchomoa ukutani kabla ya kugusa kisu, hata kama kilichokwama ni unyasi mmoja.